Samaki wa Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kagawa madaftari. Si daktari wa kutibu, huyu ni wa mifupa ya mawe, katumwa na jumba la makumbusho. Kila mpasua mawe kapewa daftari moja na penseli. Ukiona mfupa ndani ya jiwe, uandike umeuona wapi, tabaka la ngapi kutoka juu, na saa ngapi. Mambo ya tabaka mimi nitayaweka kichwani. Daftari zuri kama hili kuandikia matabaka ni kulidhulumu.

Habari mbaya kwanza. Jumamosi saa sita mchana tajiri mwenye machimbo analipua ukuta wa magharibi kwa baruti. Baada ya hapo inaingia mashine ya kusaga kokoto. Mashine inataka watu wanne. Sisi wa nyundo na patasi tuko thelathini na mmoja. Nimepiga hesabu mara tatu na mara zote tatu nimebaki nje ya geti. Mke wangu ndiye mpishi wa kantini. Watu wanne hawahitaji kantini, wanahitaji chupa moja ya chai. Kwa hiyo nyumba nzima, mimi, yeye na mapacha, tunalipuliwa siku moja.

Habari nzuri: tajiri kamsainia Daktari karatasi. Akipata mnyama anayemtafuta kabla ya Jumamosi saa sita, baruti hakuna. Ukuta unakuwa wa makumbusho miaka miwili, na utachimbwa kwa mkono, polepole, na sisi hawahawa.

Mnyama mwenyewe Daktari kamweleza akiwa amesimama juu ya ndoo. Mawe ya zamani sana, ukitafuta wenye uti wa mgongo, utakuta samaki tu. Mawe ya baadaye yana wanyama wa miguu minne. Basi kama kweli hawa walitokana na wale, mawe ya katikati lazima yawe na wa katikati. Ukuta wetu una umri huo huo wa katikati. Ndiyo maana kaja hapa na si kwingine, hakuja kubahatisha.

Nyapara, ambaye ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo shemeji yangu na mateso yangu, akauliza ni nani aliyemwona huyo samaki akitoka majini. Watu wakacheka. Daktari akamjibu kwamba hapa hakuna aliyemwona yeye nyapara akitambaa pia, lakini alama za magoti sakafuni zingetosha. Watu wakacheka zaidi. Nyapara akaangalia saa.

Kisha Daktari akakunja mkono wa shati, akaanza kutuhesabia mifupa ya mkono wake mwenyewe. Mmoja mnene juu ya kiwiko, miwili chini yake, halafu vidogo vingi pale kifundoni. Mkono wake unahusiana nini na samaki sikujua, na kusema kweli sikusikiliza. Nilikuwa nimeshaelewa. Anatafuta samaki mwenye miguu. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kazi.

Jumanne, 4 Machi

Kipimo kanitangulia.

Kipimo ni mpasuaji wa nafasi ya pili kutoka kwangu. Anaweka rula ndani ya soksi. Hata mkate anaupima kabla ya kuukata. Leo saa nne kapata mkia. Mkia mtupu, wa samaki wa kawaida, urefu wa kijiko. Daktari kaupokea kwa mikono miwili kama anapokea kichanga. Kipimo kaandika mistari sita daftarini, kwa mwandiko wa hati ya kiwanja, kisha akafunga daftari polepole ili sote tumwone.

Mimi nimepasua mabamba arobaini na mawili. Konokono mmoja. Nikampelekea Daktari nikihema. Kanishukuru vizuri sana, kasema ni konokono. Kipimo kaniuliza, kwa upole ule wake wa kuudhi, bwana, una hakika huyo si konokono wa katikati?

Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nikamwambia nawaza. Kasema mimi nikiwaza ndipo yeye anapokosa usingizi, heri nile. Kisha akakaa akitazama sufuria zake, ile kubwa na ile kubwa zaidi, akaniuliza kama watu wa mashine huwa wanakula wali. Zimebaki siku nne.

Jumatano, 5 Machi

NIMEMPATA. Au karibu.

Saa nane mchana, chini ya ukuta, tabaka la ngapi sijui, lile lenye rangi kama ya ndimu iliyooza. Nikagonga patasi mara tatu, bamba likafunguka kama kitabu. Ndani, samaki mrefu kama mkono wangu. Magamba, mbavu, kila kitu. Kichwa bapa kama koleo na macho yamepanda juu kama ya chura. Na ana shingo, kitu ambacho sijawahi kukiona kwa samaki yeyote niliyekula.

Sikupiga kelele. Kipimo alikuwa hatua kumi. Nikakaa juu yake, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Kila bamba likipasuka linaacha nusu mbili. Nusu yenye mifupa yenyewe nikaifunga kwenye gunia nikaificha nyuma ya stoo. Nusu ya pili, yenye mashimo na michirizi tu ya pale mifupa ilipolala, nikaigeuza uso wa laini juu nikaitupia kwenye lundo la oda, mabamba ya sakafu yanayosubiri lori la wateja. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Nani atanunua mashimo?

Sasa tatizo. Nimemkagua vizuri nyuma ya stoo. Miguu hana. Ana mapezi, na mapezi yenyewe mabovu. Pezi la samaki wa maana ni kama ufagio. La huyu limejaa mifupa ndani: mmoja mnene, halafu miwili, halafu vipunje vipunje kama mtu kamwaga maharage. Kilema. Katika samaki wote wa ukuta mzima nimeangukiwa na mgonjwa.

Karibu nilie. Miguu tu ndiyo iliyokosekana. Kila kitu kipo, miguu tu.

Baadaye nikawaza: mbona miguu ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kupatikana?

Alhamisi, 6 Machi

Siku ndefu. Mikono inanuka gundi.

Asubuhi nilipita kantini kumsalimia mke wangu, jambo ambalo lilimshtua. Alikuwa anaandaa kuku. Alipogeuka kuchota maji nikachukua miguu minne. Nikaichemsha kwenye kopo nyuma ya stoo mpaka nyama ikaachia, nikailoweka kwenye chai ya rangi ili ipate uzee. Saa moja tu kwenye chai na ilionekana kama imekaa ardhini tangu dunia ianze.

Kisha kazi ya patasi. Nikayang'oa yale mapezi mabovu, yote mawili ya mbele. Yalikuwa magumu, nusu saa kila moja, mpaka pakawa safi. Vipande nikavifagia nikavimwaga kwenye kifusi. Nikabandika miguu kwa gundi ya marumaru, nikanyunyizia vumbi la mawe. Miwili mbele, miwili nyuma. Nikarudi hatua tano nikamtazama. Jamani. Anatembea.

Ile miguu ya nyuma, mmoja una kucha ndefu kuliko mwenzake. Nimeamua alikuwa anachechemea.

Mke wangu kaja mpaka kazini kuuliza miguu yake ya kuku iko wapi, alitaka kupikia supu. Nikamwambia labda paka. Akaniuliza paka gani anachukua miguu minne na kuacha mapaja. Nikasema wa kisasa. Akanisogelea akaninusa. Baba Pacha, akasema, unanuka chai na uongo. Akaondoka.

Lori la oda limetoka leo alasiri, lundo lote limeondoka. Kesho naonyesha.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie saa tatu.

Nilichagua saa tatu kwa sababu watu wote wako kantini kwenye chai. Nikaweka gunia mezani mbele ya Daktari, nikalivuta. Wapasuaji wote wakasimama. Kipimo akatoa rula, akairudisha ndani ya soksi bila kupima. Nitaikumbuka dakika hiyo.

Daktari akaanza kichwani. Akaona macho yale ya juu, akaona shingo. Akasema polepole, ndiye, ndiye huyu. Mimi nikaanza kupokea pongezi. Shemeji yangu nyapara kanishika bega, kitu ambacho hajafanya tangu harusi.

Kisha Daktari akashuka kwenye miguu. Akaweka lenzi. Akaondoa lenzi. Akainama akanusa.

Kasema, kaka, huyu amechemshwa.

Mke wangu alikuwa mlangoni na birika. Hakuhitaji lenzi. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, hiyo ni miguu yangu.

Kicheko kilichotoka hapo kitanifuata mpaka kaburini. Lakini Daktari hakucheka. Kaniuliza, kabla sijabandika hii, hapa palikuwa na nini. Nikasema hapakuwa na kitu, mapezi tu, tena mabovu. Mabovu vipi? Nikaeleza: mfupa mmoja mnene, halafu miwili, halafu vipunje kama maharage.

Daktari akakaa chini. Si kwenye kiti, chini. Kipimo akavua miwani.

Akaeleza tena, safari hii kwangu peke yangu, taratibu kama anaongea na mgonjwa. Wa katikati hajaungwa vipande kama kiraka. Hakuwa nusu samaki, nusu mjusi. Alikuwa mzima, anakula, anazaa, anawakimbia wakubwa zake, wala hakujua kama yuko katikati ya chochote. Miguu haikuja kutoka nje ikabandikwa. Ilianzia ndani ya pezi lilelile. Hao wanyama wote wa miguu, na ndege, na popo, na yeye, na nyapara, mkono wao ni mpango uleule mmoja. Kisha akanishika mkono, akanibonyeza: mmoja, miwili, vipunje.

Nikautazama mkono wangu. Ndio huo ulioshika patasi jana.

Nikasema basi shingo iwe ushahidi. Kasema karatasi ya tajiri inataka pezi lenye mifupa ya mkono, na hata isingetaka, samaki aliyeguswa na gundi yangu hakuna mtu atakayemwamini shingo wala mbavu. Akaomba daftari langu aone tabaka, angalau ajue achimbe wapi. Nikasema nimelisahau nyumbani. Lilikuwa mfuko wa nyuma, nalikalia. Nilihisi linaungua.

Vipande je? Nikaonyesha kifusi. Kifusi kina ukubwa wa darasa.

Nyapara akaanza kusema kwamba yeye alijua, kwamba siku ya harusi alimwambia baba yake, na kwamba nitoke getini sasa hivi kabla hajanitoa yeye. Watu thelathini wananiangalia na kila mmoja ana watoto. Hakuna hata mmoja aliyetukana. Heri wangetukana.

Ndipo mke wangu akaweka birika chini. Akauliza, na mwenzake yuko wapi?

Hatukuelewa. Akatushangaa. Amelelewa machimboni huyu, baba yake alipasua mawe. Kila bamba lina mwenzake, akasema, yale mashimo si ndiyo umbo la pezi lenyewe? Huyu kaharibu nusu moja. Nusu ya pili iko wapi?

Daktari kasimama kwa haraka mpaka meza ikacheza. Kasema ndiyo, alama inatosha, alama tupu ya pezi inatosha kabisa. Wote wakanigeukia.

Lori. Jana alasiri. Nyapara akafungua kitabu cha oda, akashusha kidole kwenye mistari. Mabamba yote ya jana yameenda sehemu moja. Kinyozi, anaweka sakafu mpya. Tulikimbia kwake tukakuta kufuli: kaandika mlangoni kwamba sakafu inapigwa, atafungua kesho saa mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili tulikuwa mlangoni kwa kinyozi: mimi, mke wangu, Daktari, Kipimo na nyapara. Sakafu imeisha. Nzuri sana. Mabamba yote yamelala uso wa laini juu, uso wa mashimo chini, ndani ya saruji.

Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja wake wa kwanza juu ya sakafu mpya. Daktari akaomba ruhusa ya kuing'oa. Kinyozi akacheka. Akatuangalia mmoja mmoja, akaacha kucheka. Akauliza tunatafuta nini. Nikasema samaki. Akauliza, chini ya sakafu yangu? Nikasema si samaki mwenyewe, ni alama yake tu. Akamuuliza mke wangu kama mimi huwa hivi. Akasema tangu anifahamu.

Sijui Mama Pacha alimwambia nini pembeni. Nilimwona anaonyesha vidole: watu thelathini na mmoja, sufuria mbili, watoto wawili. Kinyozi akakuna shingo. Akasema tung'oe, ila atakayeipiga upya ni mimi mwenyewe, kwa magoti yangu, na mteja wake asiondolewe kitini.

Saruji ilikuwa haijakomaa. Nikang'oa. Mteja povu shavu moja, shavu jingine limekwisha, kanyanyua miguu kama mama anafagia. Bamba la kwanza, hakuna. La tano, hakuna. Saa nne ikapita. Kipimo kapendekeza twende kwa mistari kuanzia kona, na mara ya kwanza maishani mwangu nikaona faida ya mtu kama yule. Bamba la kumi na nne, hakuna. Saa tano. Nyapara kaenda kusimama nje ili apige simu ikibidi, kila dakika anatuonyesha saa dirishani kama hatuna macho.

La kumi na tisa lilikuwa chini ya kiti chenyewe. Mteja akainuliwa na kiti chake, Kipimo upande huu, Daktari upande ule. Nikalipindua. Limejaa saruji. Daktari akaomba brashi, kinyozi akampa ile ya kupakia povu. Akapiga magoti akaanza kusugua, maji kidogo, brashi, maji kidogo. Hata mteja akainama na povu lake kutazama.

Ikatoka polepole. Shimo moja nene. Mawili membamba. Kisha vishimo vidogo vidogo, kama maharage.

Mke wangu akanyoosha mkono wake juu ya lile shimo, bila kugusa, akaulinganisha. Akasema, kumbe.

Saa sita kasoro dakika ishirini nyapara kampigia tajiri. Baruti imerudi stoo.

Jumapili, 9 Machi

Nimepiga sakafu ya kinyozi. Magoti. Kinyozi kakaa kitini anasimamia, anasema bamba lile limepinda. Halijapinda.

Jumatatu, 10 Machi

Watu wote wamerudi ukutani. Mke wangu kaongeza sufuria ya tatu. Daktari kasema kupatikana kwa huyu si mwisho: sasa pengo lililokuwa moja limekuwa mapengo mawili madogo, moja kati ya samaki na yeye, jingine kati yake na wenye miguu. Shemeji akafurahi, akasema si unaona, mnazidi kupotea. Daktari akamwambia ngazi ikiongezwa kidato mapengo yanaongezeka, na kupanda kunakuwa rahisi. Shemeji akaangalia saa.

Mimi sikufukuzwa. Daktari katetea. Kasema aliyevivunja vile vipande ndiye atakayevitambua. Nimepewa chekeche, kiti, na kifusi chote. Kwa kuhesabu alama za kwenye bamba, inatakiwa nipate mifupa mirefu sita na vipunje ishirini na viwili, vya mapezi yote mawili. Kazi yangu ni hadi kipunje cha mwisho. Msimamizi wangu Kipimo. Kila nitakachopata anakipima. Kasema nimwite bosi akiwa na miwani.

Niliogopa sana kwamba sitaona kitu. Sasa naogopa zaidi. Kufikia saa nne nilikuwa na vipunje vitano na mfupa mmoja mnene, mzima, umevunjika ncha tu. Vilikuwa vyote juu juu, palepale nilipomwaga. Nikapiga hesabu. Kwa mwendo huu namaliza Ijumaa. Halafu? Wenzangu wana miaka miwili, mimi nina siku tano.

Kwa hiyo Kipimo nimempa kipunje kimoja. Kafurahi sana, kaandika mistari minane. Vingine nimevifunga kwenye kitambaa, nikavitia kwenye kopo la rangi, nikalifukia ndani ya lundo la kokoto kuukuu pale getini, pasipoguswa na mtu tangu nianze kazi hapa. Nitakuwa natoa kimoja kila mwezi, ninatoka jasho, nashangaa. Naweza kustaafu na kifusi hiki.

Shemeji kapita sasa hivi kutangaza kwamba kesho asubuhi lori linakuja kubeba kokoto zote za getini. Afadhali. Zilikuwa zinaziba njia.